Hesabu ya Bibi: Uchambuzi wa Kisa cha Uraibu Uliofichwa Nyumbani

Kisa hiki kinaanza na mzee aliyeambiwa kwamba hajui tena kuhesabu. Alikuwa na umri wa miaka 74, amehamia kwa mwanawe wa kiume baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na kila jioni, kwa mazoea ya mtu aliyetunza stoo kwa nusu ya maisha yake, alimwaga vidonge vyake vya maumivu juu ya shuka, akavihesabu, kisha akaandika idadi katika daftari dogo. Katika wiki ya tano daftari lilionyesha upungufu wa vidonge vitatu. Alipomweleza mwanawe, alijibiwa kwa upole, "Mama, labda umemeza ukasahau." Wiki iliyofuata vilipungua sita, na jibu likawa lile lile, ila upole ulikuwa umepungua pia.

Niseme mapema kwamba familia hii nimeiunda kwa ajili ya uchambuzi, na haimwakilishi mtu yeyote anayeweza kutambulika. Dawa, vipimo na tiba vinavyotajwa ni vya kweli. Nyumbani walikuwamo watu watano: bibi, baba, mama, binti wa miaka 19 na kijana wa miaka 16 ambaye ndiye mgonjwa wa kisa hiki. Nimechagua kuanza na bibi kwa sababu katika miezi sita ambayo uraibu wa mjukuu wake ulifichika, taarifa pekee sahihi iliyokuwa ikiandikwa ndani ya nyumba ile ilikuwa yake, nayo ndiyo iliyokataliwa tangu siku ya kwanza.

Vidonge hivyo vilikuwa tramadoli. Dawa hii ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1962, ikaingia sokoni mwaka 1977, na kwa muda mrefu ilihesabiwa miongoni mwa dawa nyepesi za jamii ya afyuni. Haimo katika majedwali ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa za kulevya, na sifa hiyo ya wepesi ndiyo iliyoifanya familia iiache kwenye droo isiyo na kufuli, kando ya miwani na kitana. Hakuna aliyeiona kama kitu cha kufungiwa. Ilikuwa dawa ya bibi, imeandikwa na daktari, na ina jina lake juu ya pakiti.

Kijana alimeza kidonge cha kwanza kwa sababu ya kichwa kilichomuuma kweli. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba pamoja na kichwa, hofu nayo ilitulia. Tangu ahamie shule mpya alikuwa halali vizuri, moyo ulimwenda mbio kila alipoitwa kusimama mbele ya darasa, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, kwa kuwa nyumbani kwao hofu ya mtoto wa kiume ilichukuliwa kuwa utoto usiokwisha. Tramadoli ina tabia mbili kwa wakati mmoja: inagusa sehemu za ubongo zinazoguswa na mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni, na pia inaongeza serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, kwa namna inayokaribiana na baadhi ya dawa za sonona. Kwa mtoto mwenye wasiwasi uliofichika, matokeo yake yanaweza kufanana na kupona. Alilala. Aliamka na nguvu. Muhula ule alama zake zilipanda, walimu wakamsifu, na baba akasema mbele ya wageni kwamba shule mpya imemfaa.

Hapo ndipo wazazi wengi hupotezwa. Picha waliyonayo ya kijana anayetumia dawa za kulevya ni ya mtu aliyechakaa, anayenuka na kupepesuka. Mwenye mwelekeo huu mwingine, anayesoma kwa bidii na kuitikia salamu, hawamtazami mara ya pili. Dalili zilikuwepo, lakini kila moja ilipata maelezo yake ya kawaida. Alijikuna pua na mikono usiku kucha, mama akanunua mafuta ya mzio. Choo kilimfunga, akashauriwa anywe maji mengi. Mboni za macho yake zilibaki ndogo hata chumba kilipokuwa na giza, na hakuna aliyezitazama kwa karibu. Kisha ikaja ile hali ambayo watumiaji huiita arosto: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, miguu kuuma, hasira za ghafla. Mama aliiita mafua. Mafua hayo yalikuwa na utaratibu wa ajabu, kwa maana yalikuja pale tu kijana alipoishiwa na vidonge na yakaisha ndani ya saa moja baada ya yeye kutoka nje kidogo.

Droo ya bibi haikutosha kwa muda mrefu. Mwili huzoea dawa za jamii hii na kudai zaidi ili kupata matokeo yale yale, hivyo kidonge kimoja cha miligramu 50 kikawa vitatu, kisha sita. Kipimo cha juu kabisa kwa mtu mzima huwa miligramu 400 kwa siku, yaani vidonge vinane vya aina hiyo. Kufikia mwezi wa tano kijana alikuwa amevuka hapo. Vingine alivipata kwa mwanafunzi mwenzake, kwa fedha, na fedha zikaanza kupungua kwenye pochi ya mama.

Mama aliligundua hilo mapema kuliko mtu mwingine. Hakulisema. Alimwambia mumewe kwamba fedha zile amezitumia mwenyewe, akabana matumizi mengine ili kuziba pengo, na mara mbili alikopa kwa rafiki yake. Alipoulizwa baadaye katika kikao cha ushauri ni kwa nini, alijibu kwamba alidhani kijana ana msichana, na kwamba alimfahamu mumewe: angefoka kwanza, kisha aulize. Sioni kwamba mama huyu alikuwa mjinga au mzembe. Alikuwa akifanya kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, ya kusimama katikati ya baba na mtoto ili cheche zisikutane, na uraibu ulipoingia ulikuta njia hiyo imeshafyekwa.

Kisa cha binti kinahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndicho kilichomgharimu kila mtu. Mwezi wa tatu alikuta karatasi tupu ya vidonge ndani ya kiatu cha mdogo wake. Kijana alilia, akaapa kwamba ni kwa ajili ya mitihani tu, akamsihi asiseme. Dada alikubali kwa sharti moja, kwamba aache siku ile ile na yeye mwenyewe amsimamie. Aliwaambia wazazi kuwa mdogo wake ana mafua, akamweka chumbani kwake kwa siku tatu, akamletea maji, akambadilishia mashuka yaliyolowa jasho. Alikuwa na miaka 19, alikuwa amesoma mambo kadhaa kwenye simu, na alidhani kuacha dawa ni suala la kuvumilia mpaka mwili usafike.

Kuacha tramadoli ghafla baada ya matumizi makubwa hakushauriwi, na sababu ni zile tabia mbili nilizozitaja. Mgonjwa hupata arosto ya kawaida ya dawa za afyuni, na baadhi yao huongezewa hali nyingine inayofanana na kukatisha dawa za sonona: hofu kali inayokuja kwa mawimbi, kuchanganyikiwa, wakati mwingine kuona au kusikia visivyokuwepo. Usiku wa tatu kijana aliona watu wamesimama kando ya mlango. Alianza kupiga kelele. Dada, kwa hofu kwamba baba ataamka, alikwenda chumbani kwa bibi aliyekuwa amelala, akachukua vidonge viwili kwenye droo, akampa mdogo wake kwa mkono wake. Kelele zikaisha ndani ya muda mfupi.

Asubuhi bibi aliandika kwenye daftari: pungufu viwili.

Tangu siku hiyo dada hakuwa tena shahidi wa siri, alikuwa mshiriki wake, na kijana alilijua hilo vizuri. Hakumtishia waziwazi. Alimwambia tu, kila dada alipoanza kugusia suala la kuwaambia wazazi, kwamba basi watamweleza pia usiku ule. Ninaamini dada angesema, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameshaamua kusema, kama kisingetokea kile kipimo cha mwezi wa nne.

Baba ndiye aliyekitaka. Alikuwa amechoshwa na malalamiko ya mama yake kuhusu vidonge, na siku moja bibi alimwambia neno ambalo hakuwahi kulisema: "Anayechukua ni mjukuu wangu. Simchukii, nasema tu kwamba ndiye." Baba alikasirika, lakini alimpeleka kijana kupima mkojo, kwa nia, nadhani, ya kulimaliza jambo hilo zaidi ya kulichunguza. Waliomba kipimo cha dawa za kulevya. Majibu yalirudi safi kwenye kila mstari, ukiwamo mstari wa dawa za afyuni.

Majibu hayo hayakuwa ya uongo, na hakuna aliyekosea maabara. Kipimo cha kawaida cha haraka kwenye mstari huo hutafuta mofini na dawa zinazokaribiana nayo kimaumbile, kama kodeini, pamoja na heroini ambayo mwilini hugeuka mofini. Tramadoli hutengenezwa kiwandani na umbo lake ni tofauti, hivyo kipimo hicho hakiioni. Ili kuipata ni lazima kuomba kipimo chake mahususi. Swali moja lingetosha kuokoa miezi miwili: kipimo hiki kinatafuta nini, na dawa iliyopungua kwenye droo imo? Jina la dawa ile lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti. Hakuna aliyelitaja, kwa sababu katika mawazo ya baba vidonge vya bibi vilikuwa jambo moja na dawa za kulevya zilikuwa jambo jingine.

Karatasi ile ilifanya kazi kubwa kuliko dawa yenyewe katika kuiweka siri mahali pake. Baba alimwomba mtoto radhi, jambo alilolifanya kwa nadra, na aibu ya kumshuku mwanawe ikageuka ukali kwa mama yake: bibi aliambiwa mbele ya wote kwamba akili imeanza kumchoka na kwamba amlindie mjukuu wake jina. Mama alishusha pumzi na kuendelea kuziba pengo la fedha. Dada alinyamaza kabisa, kwa kuwa nani angemwamini dhidi ya karatasi yenye muhuri? Na kijana, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, alikuwa ameshajiandaa kukiri pale pale kwenye korido ya maabara. Alikuwa hata amechagua maneno. Aliposikia yuko safi, alihisi kwamba labda kweli hana tatizo. Bibi ndiye aliyeumia zaidi. Alianza kujitilia shaka, akapunguza dawa zake mwenyewe ili hesabu isimwaibishe, na kwa wiki kadhaa alitembea kwa maumivu ambayo hakuwa na sababu ya kuyavumilia.

Mwezi wa sita, usiku, bibi alisikia kishindo bafuni. Alimkuta mjukuu wake sakafuni, mwili mzima ukitikisika, mdomo una povu. Tramadoli inaweza kuleta mtikisiko wa mwili unaofanana kabisa na kifafa, na hatari hiyo hupanda kadiri kipimo kinavyopanda. Baba alikuja mbio akaingiza mpini wa kijiko kati ya meno ya mtoto, kosa ambalo hufanywa na watu wengi wema: mgonjwa wa namna hii hulazwa kwa ubavu, huondolewa vitu vinavyoweza kumuumiza, na haingizwi chochote mdomoni. Jino moja la mbele lilivunjika.

Hospitalini daktari aliuliza kijana ametumia nini. Baba alisema hatumii kitu, ana karatasi. Daktari aliuliza tena, bila kumtazama baba, akieleza kwamba uchaguzi wa matibabu unategemea jibu na kwamba hakuuliza ili kumshtaki mtu. Dada akasema, "Tramadoli. Kumi kwa siku, labda kumi na mbili." Mama akamgeukia, "Umejua tangu lini?" Baba hakumtazama binti yake. Alimtazama mama yake, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi na daftari lake mapajani, maana alikuwa amelibeba.

Tiba yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu haikuwa na jambo lisilotarajiwa. Dawa ilipunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari, na wasiwasi wa muda mrefu wa kijana ulitambuliwa na kutibiwa kama ugonjwa unaojitegemea, kwa tahadhari kuhusu dawa za sonona, kwa kuwa baadhi yake zikichanganyika na tramadoli huongeza hatari ya mtikisiko. Kwa vigezo vya Marekani vya mwaka 2013 vya kutambua uraibu, ambavyo ni 11, vikitimia sita au zaidi ndani ya miezi 12 tatizo huitwa kali. Kijana alitimiza saba. Familia ilionywa pia juu ya jambo ambalo wengi hawalijui hadi wamechelewa: mtu aliyeacha kwa wiki kadhaa, mwili wake huwa haujaizoea dawa tena kama zamani, na akirudi kwenye kipimo alichokuwa akikimeza zamani kinaweza kumuua.

Vikao vya familia ndivyo vilivyokuwa vigumu. Katika kikao cha kwanza baba alimwita mwanawe teja, kisha akamtupia methali, kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Mshauri alimwuliza ni nani katika chumba kile aliyekuwa ameficha. Swali lilikuwa la haki, maana methali ile humlaumu mgonjwa peke yake, ilhali hapa mama alificha fedha, dada alificha usiku wa tatu, na baba mwenyewe alikuwa ameificha hesabu ya mama yake nyuma ya karatasi ya maabara. Baba hakujibu siku hiyo. Kikao cha tatu alisema kwamba alipomwona bibi na daftari pale kwenye benchi, alitamani lile daftari liwe na makosa.

Njia ambayo mshauri aliifuata na wazazi inakaribiana na ile iliyoanzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani Robert Meyers, ambayo huwafundisha jamaa wa mtumiaji namna ya kuzungumza bila kufoka, kuacha kuyafukia madhara ya matumizi, na kuzipa thamani zile saa ambazo mgonjwa hatumii. Ina ushahidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu walevi wa pombe waliokataa matibabu, njia hiyo iliwaingiza asilimia 64 yao katika matibabu, ilhali njia ya kumkabili mlevi kwa kikao cha kushtukiza iliwaingiza asilimia 30. Pombe si tramadoli, na mtu mzima si kijana wa miaka 16, kwa hiyo sizihamishi takwimu hizo moja kwa moja. Ninalolichukua ni kwamba mama huyu, aliyekuwa fundi wa kuzuia cheche, alihitaji kujifunza kutofautisha kumlinda mtoto na kuilinda siri yake, na kwamba baba alihitaji kujifunza kuuliza kabla ya kufoka. Hayo mawili yalikuwa yanategemeana. Mama asingeacha kuficha kama baba asingeacha kufoka, na hili liliwachukua muda mrefu kuliko kijana alivyochukua kumaliza arosto.

Dada bado yuko mbali na mdogo wake. Kijana amemsamehe kwa kusema hospitalini. Kwa usiku wa vidonge viwili, ni dada mwenyewe ambaye hajajisamehe, na kila anaposifiwa kwa kumwokoa huondoka chumbani.

Suala la mwisho lilikuwa sanduku. Daktari alielekeza dawa zote za nyumbani zifungiwe, na mama akachukua ufunguo. Maana yake ikawa kwamba bibi, kila nyonga ilipomuuma, alilazimika kuomba. Alivumilia kwa wiki mbili, kisha akauliza kikaoni ni lini alipotea hesabu hata anyang'anywe ufunguo wa dawa zake. Hakuna aliyekuwa na jibu. Ufunguo ukarudi kwake, akauning'iniza shingoni kwa uzi, na ikakubaliwa kwamba kila jioni yeye na baba wahesabu pamoja na wote wawili watie saini kwenye daftari.

Mwezi wa nne baada ya hospitali, hesabu ya jioni ilipungua viwili. Bibi aliandika, akamsukumia mwanawe kalamu. Baba alihesabu upya mara moja, akatia saini, akachukua simu na kumpigia daktari huku mlango wa sebule ukiwa wazi. Kijana alitoka chumbani kabla simu haijapokewa, akasema aliufungua uzi bibi alipokuwa amesinzia mchana, akaweka kidonge kimoja mezani. Kingine alikuwa ameshakimeza.

"Kaa hapa," baba alimwambia, akasogeza kiti, akaendelea kusubiri simu ipokewe.